Kiti cha Mia Tatu Ishirini na Nne

Siku Mzee Chaurembo alipotoboa siri ya mji mzima bila kujijua, mdomo wake ulikuwa umejaa pilau, na aliyempakulia pilau hiyo ni mimi.

Ilikuwa harusi ya mjukuu wake, ukumbini kwangu. Sijisifu, lakini Ukumbi wa Mkejina unajulikana Lukande nzima, Mnarani na Kiwandani, pande zote mbili za mto. Ukitaka kujua nani kaachika, nani karudiwa, nani kawekewa figo mpya ya kuoteshwa halafu anatudanganya kuwa ni mazoezi, njoo ukae na mimi mlangoni nusu saa tu. Napenda watu. Napenda nyumba ikijaa mpaka kuta zitoe jasho.

Na kwenye kujaa huko, mtu wangu ni Havijawa, mpanga viti. Asubuhi ya harusi alisimama katikati ya ukumbi mtupu, kanga kiunoni, kalamu sikioni.

"Da Mkejina, leo wangapi?"

"Mia mbili ishirini na tatu."

Akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. "Hiyo haigawanyiki kwa chochote. Namba tasa. Ongeza mtu."

"Nimtoe wapi saa hizi?"

"Kwani barabarani watu wameisha?"

Nikatoka, nikamdaka fundi wa paneli za jua aliyekuwa anapita na ngazi yake. Kabla hajamaliza shikamoo nikamwambia marahaba utaikuta ndani, kuna pilau. Wakawa mia mbili ishirini na nne. Safu kumi na nne, kila safu viti kumi na sita, hakuna pengo. Fundi akala sahani tatu, na mpaka leo kila harusi anapita na ngazi yake taratibu, akinitazama.

Mgeni akija Lukande anashangaa mambo haya ya safu. Sisi hatushangai. Miaka ishirini na moja iliyopita Mnarani na Kiwandani walipigana pale darajani, na watu thelathini na mmoja hawakurudi nyumbani. Tangu hapo, kiti kitupu katikati ya safu kinauliza swali ambalo hakuna mwenye shughuli anayetaka liulizwe mbele ya bibi harusi. Kwa hiyo mwenye ukumbi lazima ajue kugawanya watu, na anayejua kuliko wote ni Havijawa. Anaiona namba kama mimi ninavyouona ukoo wa mtu. Mimi nitakwambia fulani ni mtoto wa fulani, mama yake ni yule wa kule. Yeye atakwambia mia mbili ishirini na moja ni ya kumi na tatu na kumi na saba, haina wazazi wengine, haijawahi kuwa nao na haitakuja kuwa nao. "Kila namba ina ukoo wake mmoja tu," huwa anasema. "Watu ndio wana mambo mengi."

Kibwana, mdogo wake wa kiume, ni mmoja wa wale thelathini na mmoja. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yao alikufa akiuliza alizikwa wapi.

*

Jibu la swali la mama yule limo ndani ya Kasha. Hilo kila mtu analijua.

Baada ya vurugu tuliingia mmoja mmoja, mji mzima, kwenye chumba cheupe nyuma ya soko, tukafunga mlango tukasema. Tulichokiona na tulichokifanya. Kasha likasikiliza sauti zetu, likazifunga kwa namba yenye tarakimu mia sita na kumi na saba. Namba yenyewe haijafichwa! Imechongwa ukutani sokoni, futi kumi na mbili kwenda juu. Watoto wanaruka kamba kwa tarakimu zake. Kuna toleo la kanga lina mstari wake wa pili pale ambapo pangeandikwa maneno, na mimi ninayo.

Kilichofichwa ni wazazi wa namba hiyo. Ni wawili tu, tasa wote wawili, na ukiwajua Kasha linafunguka, lote, sauti zote kwa mpigo. Wameandikwa kwenye kadi mbili, kadi zikawekwa ndani ya sanduku la chuma lenye makufuli mawili: ufunguo mmoja Mnarani, mwingine Kiwandani. Kila mwaka siku ya daraja tunakutana tupige kura, tufungue au tusifungue. Kila mwaka upande mmoja unakataa. Mwaka jana wao wa Mnarani, mwaka juzi sisi wa Kiwandani.

Kuzidisha namba mbili, hata ndefu namna gani, ni kazi ya jasho tu. Kurudi nyuma, kutoka kwenye jibu kwenda kwa wazazi, ndiyo balaa. Ukianza kujaribu mmoja mmoja, jua litazimika hujafika popote. Na kuomba msaada wa mashine haiwezekani, maana mashine zote za Lukande, kuanzia simu mpaka mizani ya bucha, ziliapishwa: ukiandika tarakimu ishirini za mwanzo za namba ile, kioo kinakuwa cheusi na diwani anakupigia.

Haya. Sasa turudi kwa Mzee Chaurembo na pilau yake. Mzee huyu ndiye aliyekuwa karani wa kikao cha amani, na akishiba huwa anakumbuka.

"Nyie watoto mnadhani amani iliokotwa?" alisema, akichagua mnofu. "Mashine ilitoa namba mbili. Ya Mnarani inaanza na tisa, ya Kiwandani inaanza na moja. Toba! Kiwandani wakasimama kama mtu mmoja: kwa nini ya kwao kubwa? Hata hapa mnatudharau? Nikaona hapa tunarudi darajani. Ndipo mimi, karani tu, nikanyoosha mkono. Nikasema iambieni mashine itafute mbili zinazofuatana. Majirani kabisa, katikati yao isiwepo tasa nyingine. Ipi ya nani, tupige kura. Tofauti yake usiione hata kwa darubini."

"Wakakubali?" nikamuuliza.

"Makofi mwanangu, dakika nzima! Yule mtaalamu aliyeleta Kasha akawa anatikisa kichwa, anasema sijui nini na sijui nini. Nani alimsikiliza? Watu walishakumbatiana."

Habari tamu kama hiyo siwezi kukaa nayo. Nikaenda nayo moja kwa moja jikoni kwa Havijawa, nikamsimulia na sauti ya mzee nikamwigizia. Nilitegemea acheke.

Alikuwa amebeba viti vinne. Akavishusha polepole, kimoja kimoja.

"Rudia hapo kwenye majirani."

Nikarudia.

"Da Mkejina," akasema, "niletee vikombe vya kahawa. Tisini na kimoja."

*

Nilivyoelewa mimi ndivyo nitakavyokueleza, na mimi darasani nilikuwa nakaa dirishani kuangalia nani anapita.

Akavipanga vikombe sakafuni, safu kumi, kila safu kumi, mraba. Vikapungua tisa, kwa hiyo kwenye kona moja likabaki shimo la tatu kwa tatu. "Unaona?" akasema. "Mraba umepungukiwa na mraba mdogo." Halafu akachukua zile safu tatu fupi, zenye vikombe saba saba, akazisimamisha ubavuni mwa zile saba nzima. Shimo likatoweka. Safu saba, kila safu kumi na tatu, hakuna pengo.

"Saba na kumi na tatu," nikasema.

"Wazazi wa tisini na moja. Kumi toa tatu, kumi jumlisha tatu. Wazazi wakiwa mbali mbali, njia hii haikufikishi popote, kona inakuwa kubwa kuliko nyumba. Lakini wakiwa majirani..." Akaokota kikombe kimoja cha pembeni. "Wakiwa majirani, Da Mkejina, namba nzima ni mraba uliomegwa kidogo tu pembeni. Watu wote wanaiogopa namba ile kwa ukubwa wake. Ukubwa wake si kitu. Wameidhoofisha wenyewe kwa kugombea usawa."

Akaanza Jumatatu. Karatasi zile za kaki tunazotandika mezani, roli zima. Akatafuta kipeuo cha pili cha namba ile, yaani upande wa mraba wake, kwa mkono, kama tulivyofundishwa zamani kabla ya mashine, anashusha tarakimu mbili mbili, anakisia, anazidisha, anatoa, anashusha tena. Mara mia tatu na tisa. Kila hatua ndefu kuliko iliyotangulia. Miezi minne! Asubuhi anapanga viti vya watu, mchana anakaa stoo yangu katikati ya masufuria na kalamu yake. Nimeona watu wakisuka, nimeona watu wakitia nakshi mlango wa mninga, lakini sijaona mikono yenye subira kama ile. Akikosea mstari, anarudi mistari arobaini nyuma bila kuguna. Mimi ningeshalia. Mimi nililia kwa niaba yake mara mbili.

Kazi yangu ilikuwa mlangoni. Mtu akiuliza, nasema Havijawa anashona mapazia.

Alhamisi moja mchana akaniita. Sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi.

"Njoo uone. Mraba huu hapa. Nimetoa namba ya Kasha. Angalia kilichobaki."

Nikaangalia. Karatasi ilikuwa imetanda kutoka mlangoni mpaka dirishani, mistari juu ya mistari, milima ya tarakimu, na chini yake kabisa, pembeni, tarakimu sita tu. Laki nne tisini na mbili elfu, mia nane na nne.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Mraba wenye tarakimu mia sita na kumi na saba umepungukiwa na hiyo tu." Alikuwa anatabasamu, na macho yamejaa. "Na hiyo, ni mia saba na mbili kwa mia saba na mbili. Kamili. Kona imekaa sawasawa."

Yaani huyu mzazi ni upande wa mraba toa mia saba na mbili, na yule ni upande wa mraba jumlisha mia saba na mbili. Basi. Tukakaa sakafuni kati ya masufuria tukiziangalia namba mbili ambazo macho ya mtu hayajaziona tangu zilipofungiwa, na nikwambie ukweli, zilikuwa nzuri. Ndefu, nyofu, haziombi kitu kwa mtu. Zinafanana mpaka mwisho mwisho kabisa, kama mapacha wanaotofautiana ukucha.

Halafu Havijawa akasema, "Leo naweza kujua alipo Kibwana."

Na sauti yangu mimi imo mle.

*

Nimesimulia mambo ya watu maisha yangu yote. Hili moja sikumwambia mtu isipokuwa Kasha.

Siku ile ya mapigano darajani, marehemu mume wangu Mwinshehe alirudi na mkokoteni wake hauna kitu, mikono ina udongo hadi viwikoni. Yeye na wenzake wawili walimkuta kijana ameshakufa chini ya daraja, upande wetu wa Kiwandani. Wakaogopa. Mnarani wakimkuta kwetu, usiku ule ule mji ungewaka tena. Wakamzika kwenye shimo la msingi wa tangi la maji lililokuwa linajengwa, na kesho yake zege likamwagwa. Mwinshehe hakuua. Lakini alificha, na mimi nikaficha aliyeficha. Miaka sita baadaye akaja mwanamke wa Mnarani kuomba kazi ya kupanga viti, akaniambia jina la mdogo wake, lile lile Mwinshehe alilolikuta kwenye kitambulisho cha yule kijana. Nikampa kazi. Nikampa kila kitu isipokuwa neno moja.

"Utafungua?" nikamuuliza.

"Sijui." Akakunja karatasi. "Nikifungua kwa ajili ya Kibwana, nafungua na za wote. Mke aliyesema ya mumewe. Mtoto aliyemtaja baba yake. Walisema kwa sababu waliahidiwa kuwa ni siri mpaka mji wote ukubali. Nikiwaambia wakubwa kufuli bovu, watalibadilisha kesho yake, na mimi nitakufa nauliza kama mama." Akanitazama. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mimi, Mkejina, mwenye jibu la kila kitu, nikasema ngoja nikaangalie maharage.

Kesho yake asubuhi nilivaa vizuri nikaenda kwa diwani. Nilikuwa nimeshajipanga: nitamwambia namba imepatikana, waibadilishe leo hii, mambo yaishe. Nitakuwa nimelinda mji. Na sauti yangu italala salama. Nikafika mlangoni, mkono nikauinua kubisha. Nikaikumbuka ile karatasi ya kaki, mistari mia tatu na tisa, hakuna hata mmoja alioudanganya ili umalizike haraka. Nikaushusha mkono. Lakini kwa Havijawa pia sikwenda kusema. Nilirudi nyumbani nikapika, hivyo tu.

*

Siku ya daraja ikafika, na zamu ya kukutana ilikuwa ukumbini kwangu. Wajumbe mia tatu ishirini na tatu, mimi mmoja wao, upande wa Kiwandani. Mbali na hao, Diwani Mlanzi wa Mnarani na Bi Tunu wa Kiwandani meza ya mbele, na sanduku la chuma katikati yao. Kupitia dirishani unaliona Kasha kule nyuma ya soko, na taa yake ya kijani juu, ile ambayo Kasha likifunguliwa mara moja tu inakuwa nyekundu milele.

Watu wakaingia, wakakaa, wakaanza kunong'ona. Havijawa alikuwa amepanga safu kumi na nane, kila safu viti kumi na nane. Viti mia tatu ishirini na nne. Safu ya mbele kabisa, mwishoni, kiti kimoja kitupu.

"Nani kakosea?" Diwani Mlanzi akauliza.

"Hakuna aliyekosea, mheshimiwa," Havijawa akasema, akasimama mbele. "Naomba safu ya kwanza msimame na viti vyenu. Mko kumi na saba. Nyuma yenu kuna safu kumi na saba. Kila mmoja achague safu moja, aongeze kiti chake mwishoni."

Watu wakaguna, lakini hapa Lukande, akikupanga Havijawa, unapangika. Viti vikakwaruza, samahani samahani, pisha mama, na walipotulia zikawa safu kumi na saba, kila safu kumi na tisa, zimejaa kabisa. Kiti kile kitupu kikabaki peke yake mbele, kwenye sakafu tupu.

"Namba ya Kasha imejengwa hivi hivi," Havijawa akasema. "Mraba uliomegwa kidogo. Mlitaka pande zenu zilingane, zikalingana mno. Wazazi wake hawa hapa."

Akampa Diwani karatasi moja, na Bi Tunu nyingine.

We, kelele! Mmoja anapiga kelele akamatwe, mwingine anauliza alipewa na nani, Mzee Chaurembo kashika kichwa anasema, "Mimi nilisema majirani, sikusema..." Makufuli yakafunguliwa palepale. Kadi zikatolewa. Wakalinganisha tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti, ukumbi mzima ukahesabu nao, na kadiri walivyoendelea kelele zikapungua, mpaka wakafika ya mwisho.

"Mia tatu na tisa zote," Diwani akasema. Akakaa. Halafu, kwa sauti ya mtu aliyesahau kuwa amekasirika: "Kwa mkono?"

"Kwa mkono, mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, akaona aibu akaacha.

"Ninazo miezi miwili sasa," Havijawa akasema. "Angalieni taa. Kijani. Sijafungua. Kesho libadilisheni, na safari hii msitafute usawa, tafuteni namba zisizojuana. Mlichokisema mle mliahidiwa kitafichwa, na mimi si wa kuivunja ahadi ya mji kwa sababu najua hesabu." Akashika mgongo wa kiti kile. "Ila mtu mmoja humu anajua mdogo wangu Kibwana yuko wapi. Sitaki kusikia kwa mashine. Kiti hiki ni chake huyo mtu. Akikaa, simuulizi zaidi ya mahali."

Mia tatu na kitu, watu ninaojua siri zao mpaka za jikoni, wote wanaangalia miguu yao. Na mimi ndiye peke yangu niliyekuwa namwangalia yeye, mwanamke aliyekuwa na mji mzima kiganjani akaurudisha.

Nikasimama. Safu yangu ikabaki na pengo katikati, nikalisikia mgongoni kama upepo. Kutoka pale mpaka mbele ni hatua ishirini na mbili. Nimefagia sakafu ile miaka mingi, najua. Nikakaa.

Aliponiona, mdomo wake ulisema jina langu bila sauti.

"Chini ya tangi la maji," nikasema. "La Kiwandani. Pembe ya upande wa mto. Mwinshehe alimfunika na koti lake. Havijawa, mimi nilijua siku ile uliponiomba kazi."

Akakaa chini sakafuni, palepale mbele yangu. Halafu akauliza, kama anavyohakiki mstari wa mwisho kabla ya kukunja karatasi:

"Alivaa rangi gani?"

"Shati la manjano. Jipya."

Akaitikia kwa kichwa. "La manjano," akasema. Hakunishika mkono. Wala hakuondoka.

Nyuma yetu, upande wa Mnarani, kiti kikakwaruza sakafu. Mtu anasimama, naye ana la kusema. Halafu kingine, upande wa Kiwandani. Halafu kingine. Havijawa hakugeuka kuvihesabu.